Muchungaji wa Paka

Siku ile nilikuwa nafua. Beseni mbele yangu, nguo za mutoto ndani, povu mpaka kwenye viwiko. Papa wa depo akaingia kwenye lupango yetu, uwanja wa nyumba, bila hodi, kartoni ya sabuni kwapani, miguuni viatu vyake vya ngozi vya kuendea misa. Ni jirani yetu wa upande wa juu, mwenye depo ya maharagi na unga pembeni ya barabara ya Kavumu. Hakunisalimia. Alichungulia jikoni kwanza, kisha akasema:

“Nimekuja kuchukua uzao wangu.”

“Uzao gani, Papa?”

“Watoto wa paka. Wale watatu. Mimi nilikuchungisha paka, sasa imezaa. Uzao wa kwanza ni wa mwenye munyama. Wewe utangoja wa pili. Si unajua desturi?”

Desturi ninaijua. Kwetu, mutu mwenye mbuzi nyingi na majani kidogo anamupa jirani mbuzi jike amuchungie. Ikizaa mara ya kwanza, watoto ni wa mwenyewe. Ikizaa mara ya pili, ni wa yule anayechunga. Ni desturi nzuri, masikini wengi wamepata zizi kwa njia hiyo. Lakini ni ya mbuzi. Tuseme na ya kondoo, na ya nguruwe. Tangu nizaliwe sijasikia mutu amechungishwa paka.

Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja, na mara mbili za kwanza nilimupokea kwa heshima, “Papa” huku, “Papa” kule. Lakini aliposema “nilikuchungisha”, macho makavu, huku kartoni iko tayari imetobolewa matundu ya hewa, heshima ikaisha. Niliinua beseni na mikono miwili, nikamumwagia. Maji yote. Soksi moja ya mutoto ikabaki juu ya kiatu chake.

“Umenimwagia maji! Mimi, rika ya baba yako!”

“Baba yangu hafungi paka kwenye mufuko! Toka, Papa! Toka kabla sijajaza beseni ya pili!”

Alitoka. Maji sijutii. Ninajutia sabuni.

Sasa niseme toka mwanzo, maana kwenye kilima chetu habari hii imekwisha kupikwa mara nyingi, na kila mutu anaongeza chumvi yake.

Mimi nilikulia Cimpunda, mutaa wa muji ambako nyumba zinashikana ukuta na paka ni ya kila mutu na haiko ya mutu. Nilimaliza sekondari pale, nikapata diplome, nikaolewa. Bwana yangu akaenda Kamituga kuchimba zahabu, akaniacha huku shambani kwa mama yake, kilima cha nyuma ya Kavumu, na mutoto wa miezi minane mugongoni. Mama mukwe wangu ni mutu wa maneno machache, na yale machache mengi ni ya kukataza.

Siku moja ya mvua, saa ya mchana, natoka kuchimbua mihogo. Chini ya kalvati ya barabara, kwenye mufereji, kulikuwa na mufuko wa unga umefungwa mudomo. Ulikuwa na rangi ya buluu kwenye pembe, alama ambayo Papa wa depo anaweka kwenye mifuko yake yote ili watu wasiibe. Mufuko ukatikisika. Nilifikiri ni kuku. Nilisema wazi mbele ya Mungu: kama ni kuku, leo tunakula.

Kamba ilikuwa imekazwa na fundo la mutu mwenye hasira. Nilikata na jembe. Ndani kulikuwa na paka jike, kijivu, mwembamba, amelowa, na mugongoni ngozi imetoka kama ganda la ndizi ya kuchoma. Mutu alikuwa amemumwagia maji ya moto. Hakukimbia. Aliniangalia tu, akafungua kinywa, sauti haikutoka.

Mutoto alikuwa mugongoni, mihogo kichwani. Paka nikamufunga mbele na kitambaa changu cha kichwa, tukapanda kilima hivyo, mimi katikati na mizigo pande zote. Mama mukwe alikuwa mulangoni.

“Umebeba nini tena?”

“Paka, Mama.”

“Paka ni ya wachawi. Na ile jikoni mwangu itamaliza simbilisi.”

Simbilisi ni wale wanyama wadogo, manyoya mengi, mukia hakuna, tunawafuga jikoni kwa kula siku ya wageni. Mama mukwe alikuwa nao kumi na zaidi, wanalia wiki-wiki chini ya kuni mchana kutwa. Anawapenda kuliko wajukuu, naandika hivyo na yeye anajua.

Nilimujibu kwamba paka haina nguvu hata ya kula nzi. Na ilikuwa kweli. Nilimupaka asali kwenye kidonda, nikamupa maji ya maharagi na kijiko cha mutoto, kisha vichwa vya sambaza, samaki wale wadogo wa ziwa, wakati nilipopata. Mahali pa joto katika nyumba yetu ni pale tu, karibu na jiko, kati ya simbilisi. Akalala pale. Simbilisi kwanza walinyamaza, wote pamoja, kama darasa wakati préfet, mukubwa wa shule, anaingia. Kesho yake walimuzoea. Keshokutwa walikuwa wanalala juu yake. Mpaka leo hajakula hata mumoja. Panya wa nyumba nzima aliwamaliza, hata wale wakubwa wa shambani, lakini simbilisi anawaruka kama anaruka watoto wake. Sijui sababu. Mama mukwe anasema ni adabu.

Watu wanapenda niseme paka alinifariji wakati bwana yuko mbali. Acheni. Hapendi kushikwa, na mimi sina muda wa kushika. Tuliishi kama wanawake wawili kwenye lupango moja: kila mumoja na kazi yake. Nikichambua maharagi, yeye anakaa upande wa pili wa lungo, uso kwa mulango. Nikienda shamba, ananisindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho, kisha anarudi bila kuniaga. Usiku mumoja, wakati simu ya bwana wa Kamituga ilikuwa haijapita wiki nzima, sikulia, na si sababu paka alikuwa karibu, sikulia tu. Lakini asubuhi nilipoamka nikamukuta mulangoni na panya mukubwa mbele yake, hajamula, ananingoja. Nikasema, “Merci.” Lilikuwa neno langu la kwanza siku hiyo, na lilinifungua kinywa.

Kuna mambo mawili hakubali. Mufuko: ukiweka mufuko mutupu chini, anapita mbali, mukia umevimba. Na moto, ile pikipiki ya Papa wa depo: akisikia inapanda kilima, anaruka juu ya dari na harudi mpaka jioni. Mimi sikusoma sheria, lakini ushahidi ninaujua nikiuona.

Sasa, kosa. Nilifanya kosa, na naliandika hapa kabla mutu mwingine hajaliandika.

Kwenye robine, bomba la maji la wote, wakati tunapanga mabido, yale madumu yetu, kungoja maji, wamama walimuona paka amenifuata. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini manyoya hayakurudi pale mugongoni, alibaki na kipara kama fungu la udongo. Mumoja akauliza:

“Eh, maman, hiyo paka ya kuungua ni ya nani?”

Kila mutu pale alijua ni ya nani. Depo iko mita chache, alama ya buluu ya ule mufuko wote wanaijua. Mimi nikasema kwa sauti, ili mpaka depo wasikie:

“Ni ya Papa wa depo! Amenichungisha!”

Wamama walicheka mpaka bido moja ikaanguka. Kumuchungisha mutu paka! Tangu siku hiyo nikawa Muchungaji. Nikifika robine: “Muchungaji, Bwana asifiwe!” Nikichelewa: “Muchungaji alikuwa anahubiria panya.” Mwingine wa shirika letu la parokia akaniambia, “Sisi ni Wakatoliki, wewe umekwisha kufungua kanisa yako, hata sadaka unapokea, sambaza.” Nilicheka nao. Nilijisikia mwerevu sana. Nilikuwa nimemutukana muzee mbele ya watu wote na hawezi kunishitaki, maana sikumutukana.

Nilisahau kwamba neno likitoka kwenye robine haliko lako tena.

Mwaka ulipita. Panya wakaingia depo. Wakatoboa mifuko, wakaingia kwenye unga, wateja wakaanza kununua kwengine. Papa wa depo alikuja mara ya kwanza na sauti ya asali: “Muke wa mutoto wetu, niazime paka juma moja.” Nilikataa. Akaja mara ya pili, paka alikuwa na mimba, Papa akamuangalia muda murefu juu ya dari. Akatabasamu. Nilipaswa kuogopa lile tabasamu. Mara ya tatu alikuja na kartoni, na hapo munajua yaliyotokea.

Tuelewane: sikatai kumupa mutu mutoto wa paka. Mumoja nilikuwa nimekwisha kumuahidi maman wa karibu na robine. Ninakataa kumupa yeye. Kisa chake kilijulikana: paka alikula sambaza yake, basi sufuria ya maji ya moto, kisha mufuko, kisha mufereji. Watoto hawa watakula sambaza ya nani? Watakuwa paka, si watakatifu.

Saa ileile alipotoka na viatu vyake vya maji, paka alishuka, akawabeba watoto na shingo, mumoja mumoja, akawaingiza kwenye sanduku langu la vitenge vya arusi. Niliona vitenge vyangu vinaharibika, nikawaachia.

Papa wa depo alikwenda kwa shefu wa kijiji, na shefu akatuita. Tulikaa kwenye baraza yake, viti vya plastike kwa wanaume, benchi kwa wanawake. Simu tano za watu zilikuwa zinachajiwa kwenye pano yake ya umeme wa jua, na kila moja ikilia shefu anaangalia ni ya nani. Papa wa depo alisema kwamba alinipa paka mukononi, kwa roho safi, mbele ya mufanyakazi wake ambaye kwa bahati mbaya amehama. Shefu akanigeukia.

“Maman, ulisema kwenye robine kwamba Papa alikuchungisha paka, ao hukusema?”

“Nilisema, shefu. Nilikuwa nacheka.”

“Sikuuliza kama ulikuwa unacheka.”

Akamuita maman mumoja wa robine kama shahidi.

“Alisema,” maman akajibu. “Sisi wote tulicheka.”

“Kwa nini mulicheka?”

“Sababu ilikuwa uongo, shefu.”

“Uongo unachekesha?”

“Ule ulichekesha.”

Watu wakacheka tena pale kwenye baraza, na mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kinywa changu ndicho kilikuwa kimewauza watoto wale.

Hapo mama mukwe akasimama. Yeye ambaye alisema paka ni ya wachawi. Alirekebisha kitenge chake, akamuangalia Papa wa depo si machoni bali kwenye viatu.

“Mimi nimechunga mbuzi za watu toka nilipoolewa,” akasema. “Munyama wa kuchungisha anatolewa na kamba yake. Mwenyewe anaweka kamba mukononi mwa muchungaji, na mutu wa tatu anaona. Bila kamba hakuna kuchungisha. Wewe, ulimupa muke wa mwanangu kamba gani?”

Ni kweli, kila mutu anajua, na hakuna hata mumoja aliyekuwa amefikiria. Papa wa depo akapata jibu, na alilipata haraka mno:

“Kamba ilikuwepo! Mufuko haukufungwa na kamba? Si yeye mwenyewe aliikata?”

Simu moja ikalia, shefu hakuiangalia.

“Mufuko gani, Papa?” shefu akauliza polepole.

Papa wa depo akaangalia viatu vyake. Nyuma yangu mutu akasema, “Ahaa, mukono wa kutoa paka ulikuwa mufuko wa nailo!” Vicheko vikavunja baraza. Mama mukwe akakaa. Mimi nikafikiri: imekwisha. Amesema mwenyewe. Alimufunga, alimutupa, amekiri mbele ya watu, tuende nyumbani.

Shefu akangoja watu wanyamaze. Akakohoa. Akasema:

“Basi kamba ilikuwepo.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Kamba ilikuwepo,” akarudilia, “na muchungaji mwenyewe alitangaza kwamba amechungishwa. Desturi imetimia. Uzao wa kwanza, Papa atachukua siku ya soko, wakati wamekwisha kuacha ziwa. Paka atabaki kwa maman. Na kwa maji, maman ataomba musamaha.”

“Shefu, mutu anatupa munyama kwenye mufereji, na mufereji unakuwa shahidi wake?”

“Maman, ni paka tu. Usivunje ujirani sababu ya paka.”

Nilisimama. Nilimuambia Papa wa depo kwamba ninaomba musamaha kwa viatu, maana viatu havikufanya kitu. Kisha nikachukua mutoto wangu, tukashuka na mama mukwe. Kwenye njia akaniambia jambo moja: “Una diplome. Inafanya kazi gani mule ndani ya sanduku?”

Ilikuwa chini ya paka na watoto watatu. Lakini nilielewa.

Nilikaa chini nikaandika plente, barua ya mashitaka. Nilipasua karatasi mbili, moja ilikuwa matusi tupu, nyingine ilikuwa na matusi katikati. Ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya mama mukwe. Alinitolesha neno “muchawi” mara moja na neno “mujinga” mara mbili. Wamama wa robine walipita mumoja mumoja wakaweka alama ya kidole chini, kama mashahidi. Yule wa kanisa na sadaka akaweka kidole mara mbili, nikamuambia inatosha.

Siku iliyotangulia soko nilifika biro ya groupement, inayosimamia mashefu wa vijiji, kabla hata hawajafungua dirisha. Sekretere alisoma musitari wa kwanza, akairudisha karatasi juu ya meza.

“Plente inaandikwa na Kifaransa, maman.”

“Kifaransa ninajua. Lakini uongo ulisemwa na Kiswahili.”

Aliniangalia, akavuta kitabu chake kikubwa. Kilikuwa na nafasi ya kuandika namna ya kesi: shamba, ndoa, matusi, mifugo, deni. Stilo yake ya kuandikia ikaenda kwenye mifugo. Niliweka kidole changu juu ya ile nafasi.

“Hapana. Ukiandika mifugo, nimeshindwa hapa hapa. Desturi ya kuchungisha ni ya mifugo.”

“Sasa niandike wapi? Paka haina nafasi.”

“Ongeza.”

“Maman, hiki ni kitabu cha serikali.”

“Ndiyo maana nimekuja kwako, sikuenda robine.”

Alicheka, lakini akachukua rula, akachora musitari mupya chini ya deni. Kwa maandishi madogo akaandika: *ukatili*. Akapiga kasheti, muhuri wa biro, kwenye kopi yangu, nikaikunja, nikaiweka kwenye kitenge, karibu na mutoto. Siku ya soko Papa wa depo alipanda na kartoni yake. Nilimuonyesha kasheti. Aliisoma, akashuka na kartoni tupu. Nakala ya plente ni hii, neno kwa neno, bila kutoa hata moja:

*Kwa Bwana Mukubwa wa groupement. Jambo: plente juu ya hukumu ya shefu wa kijiji chetu katika kesi ya paka.*

*Bwana Mukubwa, mimi ni mama wa mutoto mumoja, mukulima, mwenye diplome ya sekondari. Ninashitaki mambo matatu.*

*La kwanza: jirani yangu mwenye depo alimumwagia paka maji ya moto, akamufunga kwenye mufuko, akamutupa kwenye mufereji wa barabara akiwa hai. Mufuko alikiri mwenyewe mbele ya baraza. Mashahidi wako chini.*

*La pili: shefu wa kijiji alisikia kukiri huko, akakufanya kuwa haki. Ninaomba biro ivunje hukumu hiyo, maana ikibaki, kila mutu atakayetupa kitu chake kwenye mufereji atarudi kudai kilichozaliwa.*

*La tatu linanihusu mimi. Nilisema kwenye robine kwamba nimechungishwa paka. Nilisema uongo kwa kucheka. Ninaufuta uongo huo kwa maandishi, na ninaomba ufutwe popote ulipoandikwa.*

*Siombi pesa. Siombi jirani afungwe. Ninaomba iandikwe kwamba paka haikuchungishwa, iliokotwa, na kwamba mwenye kuitupa hana uzao.*

*Paka na watoto watatu wako nyumbani kwangu. Hawatatoka mpaka nipate jibu lenye kasheti. Atakayekuja kuwachukua kabla ya jibu atanikuta nafua.*